Shangazi ananikataza kula barabarani, nami ndicho chakula ninachokipenda

Shikamoo mama,

Mimi ni binti wa miaka 26, nimezaliwa na kukulia Njombe. Mwaka huu nimepata kazi ya hesabu katika ofisi moja maeneo ya Posta, Dar es Salaam, na ninaishi Kimara kwa shangazi yangu. Amenipokea kama mwanawe na sina la kumlalamikia, ila kuna jambo moja linatuletea maneno karibu kila jioni.

Mama, huu mji nimeupendea chakula chake. Asubuhi nikishuka kwenye mwendokasi Kivukoni namkuta mama anageuza vitumbua, nanunua vya moto na chai ya rangi. Mchana kuna mama lishe nyuma ya jengo letu, anapika wali na maharage ya nazi, mchicha pembeni, na siku nyingine samaki wa kukaanga. Tunakaa kwenye benchi na watu nisiowajua, tunacheka, nasikia habari za mji mzima. Jioni kabla ya kupanda gari napitia mihogo ya kuchoma au kahawa na kashata. Ijumaa wenzangu walinipeleka Magomeni kunywa supu ya pweza. Tangu nije sijafurahi kama siku ile.

Shangazi anasema chakula cha barabarani kitaniua. Mwaka 2015 kipindupindu kilipoingia Dar jirani yake alilazwa, na tangu hapo hanunui hata andazi nje. Bahati mbaya wiki chache zilizopita kikao kilichelewa, nikaenda kula saa kumi, mama lishe akanipa wali uliobaki. Usiku nilitapika mpaka nikaishiwa nguvu. Shangazi akasema, "Si nilikwambia?" Sasa anataka awe anaamka saa kumi alfajiri anipikie wali wa kubeba kwenye hotpoti. Mtu wa umri wake aniamkie mimi, naona vibaya sana.

Ofisini nako kuna mama mmoja mwenye cheo aliniita pembeni akaniambia msichana mwenye kitambulisho cha ofisi shingoni hakai benchi moja na makonda na wapagazi, eti ninaishushia ofisi heshima.

Isitoshe, hela inaniishia. Asubuhi 1,500, mchana 3,000, jioni 1,500 nyingine, na ikifika tarehe 20 naanza kuhesabu sarafu. Nifanye nini mama? Niache? Na shangazi nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Mgeni wa Jiji, Kimara

MAJIBU

Marahaba mwanangu, na karibu Dar es Salaam.

Usiache. Nalisema mapema ili usome yaliyobaki moyo wako ukiwa umetulia. Ila wewe na shangazi yako mnabishana kuhusu mahali pa kula, barabarani au nyumbani, na mimi naona mngeanza kuangalia saa.

Chakula cha mtaani katika mji huu kina saa zake, na wenyeji wanazifuata bila hata kuzifikiria. Vitumbua, maandazi na chapati ni vya alfajiri mpaka kama saa mbili na nusu. Supu ni ya asubuhi, iwe ya ng'ombe, kuku au makongoro. Sufuria limechemka muda mrefu, na ikifika saa nne mwenye supu anaosha vyombo. Wali na ugali ni saa sita mpaka saa nane. Baada ya hapo mji unapumua kidogo, kisha wanatokea wa mihogo, wa mahindi ya kuchoma na wa kahawa. Jua likizama ndipo moto wa mishikaki, chipsi na pweza unapowashwa. Ukila chakula ndani ya saa yake unakipata kikitoka motoni. Ukila nje ya saa yake unakula kilichobaki, hata kama aliyekipika ni msafi kuliko wote Posta.

Wali wako wa saa kumi ulikuwa nje ya saa yake. Siwezi kukuambia kwa uhakika kilichokutapisha, kwa kuwa sikukupima, lakini wali una tabia ambayo wengi hawaijui. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus, anaishi udongoni na anaweza kuja na mchele wenyewe tangu shambani. Mbegu zake zinahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa upoe taratibu ndani ya sufuria zinaamka, bakteria wanaongezeka, na baadhi yao wanatoa sumu ambayo haiondoki hata ukiupasha wali mpaka ufuke moshi. Mtu akila anaanza kutapika baada ya saa chache tu. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila moto wala ubaridi wa friji, na kinachomsubiri mlaji kikae kwenye joto la kupita nyuzi 60. Sufuria la saa saba mchana lililo juu ya makaa, linalopakuliwa mfululizo, linatimiza hilo bila taabu. La saa kumi, makaa yamezima na wali umeshikana chini, halitimizi.

Sasa ipigie hesabu hotpoti ya shangazi. Wali wa saa kumi alfajiri, unaoliwa saa saba mchana, umekaa saa tisa. Hotpoti nzuri kweli hushika moto, lakini nyingi tunazonunua zikifika adhuhuri zina vuguvugu tu, nalo ndilo joto wanalolipenda bakteria hao. Kwa upande wa wali, basi, sahani ya mama lishe ya saa saba inaweza kuwa salama kuliko ile iliyopikwa kwa upendo wote Kimara. Usimwambie kwa maneno hayo. Nitakupa namna ya kumwambia.

Hofu yake, hata hivyo, usiipuuze. Agosti 2015 kipindupindu kilianza hapa Dar es Salaam kikaenea mikoa mingi, na watu walikufa. Aliyeshuhudia jirani akibebwa ana haki ya kuogopa. Lakini kipindupindu husafiri zaidi na maji machafu, na moto unamuua mdudu wake. Kwa hiyo jicho la woga lihame kwenye chakula kinachochemka, liende kwenye maji: ya kunawa, ya kuoshea sahani, yaliyogandishwa barafu, yaliyooshea nyanya za kachumbari.

Kaa benchini siku moja uangalie mabeseni tu. Mama makini ana matatu, la kwanza la sabuni na mawili ya kusuuzia. Asubuhi yote yanang'aa, hiyo haikuambii kitu. Subiri saa saba na nusu, watu wamejaa, wengine wanakula wamesimama, kijana anayeosha hana nafasi ya kunyoosha mgongo. Chungulia beseni la mwisho. Ukiona chini, ujue pale maji yanabadilishwa hata wakati wa pilika. Yakiwa na rangi ya mchuzi na punje za wali zinaelea, sahani yako imesuuzwa kwa mabaki ya waliokutangulia, na hapo hata kama maharage yananukia nazi, simama uende zako.

Halafu angalia mikono. Mahali pazuri kuna mkono wa pesa na mkono wa chakula. Anayepakua hashiki noti, hela inapokelewa na binti mwingine au inawekwa kwenye kopo. Angalia kama kuna ndoo ya bomba na sabuni ya kunawia, na kama samaki wabichi wanaparwa mbali na chakula kilichoiva. Wapika chakula wanatakiwa kisheria kupimwa afya zao, kwa hiyo si utovu wa adabu kumuuliza mama, mkishazoeana, kama amepima. Wengi watakuonyesha cheti kwa fahari. Na tazama wanaokula. Konda na mpagazi wanaokula pale kila siku hawamudu kuumwa tumbo, kwani siku wasiyofanya kazi ni siku wasiyolipwa. Sufuria lao hukauka mapema, maana yake hakuna kinacholala.

Ukishampata mama wa namna hiyo, mshike. Mteja wa kudumu hutunzwa. Atakuambia leo samaki si wa leo, chukua maharage. Atakuwekea sahani ukichelewa, nawe mwombe akiona imepita saa nane asikuwekee tena. Siku hiyo kula ndizi mbivu na karanga mpaka jioni.

Kuhusu samaki, uwe na ukali kidogo. Kivukoni uko jirani na soko la Feri, kwa hiyo huna sababu ya kula samaki aliyechoka. Vibua, hasa, wakipigwa na jua muda mrefu kabla ya kukaangwa hujenga kitu kinachowasha mwili na kumfanya mtu awe mwekundu usoni na kichwa kimgonge, na mafuta ya moto hayakiondoi. Kaanga ikiwa kali sana na imekolezwa viungo kupita kiasi, jiulize inaficha nini.

Chipsi unazijua kuliko mimi, kwa kuwa viazi vingi vinavyokaangwa Dar vinatoka huko kwenu Njombe na nyanda zote za juu kusini, kwenye yale magunia ya lumbesa yanayoshushwa usiku. Viazi havina shida. Tazama mafuta. Yakiwa meusi, yakitoa povu na moshi wa kuumiza macho, yamekaangia siku nyingi. Zege, yaani chipsi mayai, omba likaangwe ukiwa umesimama hapo hapo, usikubali zilizopikwa nusu zikapumzishwa kwenye kioo tangu mchana, na mwambie asiweke kachumbari mpaka uwe umemjua. Mishikaki nayo ina jambo lake. Wengine hutumia burashi ile ile kupaka rojo kwenye nyama mbichi na kwenye iliyoiva, kwa hiyo mwombe yako aikaushe vizuri juu ya makaa baada ya kuipaka.

Vinywaji havina mambo mengi. Dafu likichongwa mbele yako halina mpinzani. Juisi ya miwa ni tamu, hasa ikipigiwa tangawizi na ndimu, lakini omba isiwekwe barafu. Matunda nunua mazima au yamenywe ukiona. Yale ya kukatwa yakafunikwa nailoni tangu asubuhi yaache. Kahawa ya birika inachemka muda wote, ila vikombe vyake husuuzwa kwenye kindoo kidogo, kwa hiyo beba kikombe chako. Wazee wa kijiweni hawatakushangaa, wapo wanaofanya hivyo.

Beba pia kopo lenye mfuniko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, vitumbua vingi vinafungwa kwenye karatasi yoyote iliyopatikana, ikiwemo mitihani ya watoto wa shule, na mafuta yanavuta wino. Mama wa Kivukoni atakuwekea kwenye kopo lako bila neno.

Ikitokea tumbo likakuchafuka, nunua ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, duka la dawa, changanya na maji safi kama pakiti inavyoelekeza, unywe kidogo kidogo. Usijinunulie antibiotiki kwa kukisia. Ukiona damu, homa kali, au unaharisha maji matupu yanayofanana na maji ya kuoshea mchele, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Hela. Unatumia 6,000 kwa siku, 30,000 kwa siku tano za kazi. Mchana usiuguse, ndicho chakula chako. Kinachokumaliza ni asubuhi na jioni, vile vidogo vidogo ambavyo mtu hahesabu. Jumatatu mpaka Alhamisi kunywa chai nyumbani na shangazi, vitumbua vya Kivukoni viwe vya Ijumaa. Umebakiza 6,000 kwa wiki, sawa na sahani mbili za mchana. Ukiweza, mlipe mama lishe wako wiki nzima Jumatatu asubuhi. Atafurahi, kwa sababu mtaji wake ni mauzo ya jana, na pesa inayotangulia inamwezesha kununua nazi na mchele bila kukopa. Ila lile daftari la madeni usiandikwe jina. Nimewaona mama lishe wengi wakifunga biashara huku watu wenye mishahara wakidaiwa kila mmoja elfu kumi, elfu ishirini. Sahani unayomkopa ni mchele wa kesho anaoukosa, nami jambo hili huniuma kila ninapoliona.

Huyo mama wa ofisini msalimie kwa adabu, umsikilize, kisha uende ukale. Heshima ya ofisi inalindwa kwa vitabu vya hesabu vilivyo sawa. Mji huu umelishwa na wanawake hawa tangu enzi ambazo mshahara ulikuwa haufiki mwisho wa mwezi kwa mtu yeyote. Mwaka 1983, kwenye operesheni ya Nguvu Kazi, wachuuzi wasio na vibali walikamatwa mitaani na kuitwa wazururaji, na huku wao ndio walioamka kabla ya wote. Wamehamishwa kona hadi kona tangu hapo, na bado saa sita ikifika chakula kipo. Wakurugenzi wengi wa leo walisoma kwa hela ya vitumbua vya mama zao. Wewe ukikaa kwenye lile benchi, huna cha kuonea aibu. Ukitaka kumpunguzia maneno, vua kitambulisho ukiweke mfukoni. Ni busara hata hivyo, kisije kikatumbukia kwenye mchuzi.

Tubaki na shangazi. Usimjibu kwa habari za bakteria, ataona umemletea somo ndani ya nyumba yake. Anachokililia ni afya yako, na nahisi pia anakulilia wewe. Unaondoka alfajiri, unarudi umeshiba, chakula chake unakigusagusa tu. Mtu aliyezoea kupika atakosaje kuumia? Anza na ile chai ya asubuhi. Keti naye, usinywe umesimama mlangoni. Kisha mwambie hivi: "Shangazi, ule wali ulionitapisha nimejua kosa lake, nilikula saa kumi. Sitakula tena wali uliopita saa nane. Nimemchunguza mama mmoja, anaosha kwa mabeseni matatu, na wali wake unakaa motoni. Kuamka saa kumi, shangazi, naomba uniache nisikutese. Chakula chako nitakula jioni, na siku mbili kwa wiki nitakuja na njaa yangu yote." Halafu timiza. Siku hizo mbili pita mbele ya mihogo kama huioni.

Akikubali kusikiliza, mwombe kitu kimoja zaidi, aje aone. Asimwendee mama lishe moja kwa moja, itakuwa kama mahakama. Jumamosi asubuhi mpeleke Feri, mapema, mnada wa samaki ukiwa bado umechangamka. Mwache achague mwenyewe. Atafungua matamvua aone wekundu wake, atabonyeza nyama, atabishana bei, na hapo utaona mtu uliyekuwa humjui. Wapo wanaokaanga pale pale sokoni, karai kubwa na moto mkali. Samaki wake apikwe akimwangalia, amle akiwa wa moto, mkono umeoshwa kwa maji mliyobeba kutoka nyumbani. Akitema kwa mashaka usicheke. Akiomba kipande cha pili usiseme neno. Mkitoka hapo, mpitishe nyuma ya jengo lenu mkiwa njiani, amsalimie mama wako kama yupo siku hiyo, wakubwa wazungumze bei ya nazi.

Nauli ya kwenda na kurudi lipa wewe.